Namna ya kuingia kwenye kazi ya habari ukiwa Lamu

Vijana hapa Amu, yaani mji wa Lamu, huniuliza: "Kaka, nafasi za uandishi hutangazwa wapi?" Nyingi hazitangazwi. Mhariri aliyeko Mombasa au Nairobi anapokea wasifu wa watu kila siku. Asichonacho ni mtu wa kumletea habari za visiwani. Basi tanguliza habari, barua ya kuomba kazi ifuate nyuma.

Hatua ya 1: Shika jambo moja

Mimi nilishika uvuvi. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru wavuvi wapatao 4,600 wa Lamu walipwe fidia ya Sh1.76 bilioni kwa sababu ya ujenzi wa bandari ya LAPSSET, mradi wa kuunganisha Lamu na Sudan Kusini na Ethiopia. Siku kama hiyo mhariri humpigia yule ambaye tayari ana namba za wavuvi kwenye simu yake. Wewe waweza kushika maji, ardhi, punda au Maulidi ya Mfungo Sita. Andika kalenda: upepo wa kusi huanza lini, wavuvi hukaa nyumbani lini, wageni huja lini.

Na kama unasema Kibajuni, lahaja ya Wabajuni wa visiwa hivi, litaje hilo mapema. Anayeweza kukaa na mama wa Kizingitini akamsikiliza kwa lugha yake analeta kauli ambazo mgeni hazipati.

Hatua ya 2: Tengeneza habari tatu za mfano

Hapa ndipo pa kutumia muda wako mwingi. Nenda diko, pale wavuvi wanaposhushia samaki, alfajiri boti zikirudi. Simu yatosha kurekodi, lakini upepo ndio adui: upe mgongo, funika kipaza sauti cha simu kwa leso nyepesi, isogeze hadi shibiri moja kutoka mdomoni mwa msemaji. Kabla ya maswali, rekodi sekunde 30 za sauti ya mahali penyewe: maji yakipiga ubavu wa mashua, samaki wakitupwa kwenye mizani.

Kisha uliza maswali yanayojibiwa kwa hesabu. Mzee mmoja aliniambia "hali ni mbaya, mwanangu" mara nne, na sikuwa na habari. Nilipomuuliza mafuta yamemgharimu kiasi gani na samaki amewauza kwa kiasi gani, akanyamaza, akahesabu kwa vidole, akaona mwenyewe kwamba amerudi na hasara. Hiyo ndiyo iliyokuwa habari.

Andika maneno 250, na sauti isizidi dakika moja na nusu.

Hatua ya 3: Tuma

Mombasa kuna Pwani FM ya KBC, Baraka FM, Radio Rahma na Radio Salaam. Kwa magazeti kuna Taifa Leo. Tafuta jina la mhariri, umwandikie kwa ufupi:

"Assalaam aleikum. Mimi ni mkazi wa Amu. Wavuvi wa hapa wanarudi na hasara kwa bei ya mafuta. Nina sauti ya wavuvi watatu, na picha nimepiga leo asubuhi. Naweza kukutumia kabla ya saa nane."

Picha za WhatsApp zitume kama faili, la sivyo ubora unashuka. Asipojibu, baada ya siku tatu mtumie habari nyingine. Usimtumie lawama.

Hatua ya 4: Ulizia malipo mapema

Kituo kimoja kilitumia kazi zangu miezi mitatu bila kunipa hata senti, kwa kuwa niliona haya kuuliza. Uliza kabla ya habari ya pili: ni kiasi gani kwa habari moja, na nitalipwa lini? Weka daftari la kila ulichotuma.

Ukishakuwa na kazi zilizotoka, omba kadi ya Baraza la Vyombo vya Habari Kenya. Huhuishwa kila mwaka.

Hatua ya 5: Usiwasahau wapiga filamu

Mji Mkongwe wetu uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, na watu wa kamera huja. Wanahitaji mkalimani, nahodha, na mtu anayejua taratibu: leseni ya kurekodi kutoka KFCB (bodi ya filamu), kibali cha KCAA (mamlaka ya usafiri wa anga) kwa droni, ruhusa ya Makavazi ya Taifa kwa Ngome ya Lamu. Jifunze hayo, kisha mkubaliane malipo ya siku kabla hawajapanda boti pale Mokowe, gati la upande wa bara.