Kabla uchungu haujaanza: pimeni njia ya kufika kwenye upasuaji

Zahanati ya kijiji inamzalisha vizuri mama asiye na tatizo. Tatizo likizuka, haina chumba cha upasuaji wala damu ya kumwongezea. Ndiyo maana familia yenye mjamzito huko Bahi, Chemba au Chamwino, mkoani Dodoma, iulize kliniki mapema: ni kituo gani cha afya au hospitali gani inayofanya upasuaji hata usiku, na tutafikaje?

Umbali huo pimeni kwa saa, tena saa za kipindi cha mvua. Mvua za Dodoma hunyesha karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Korongo mnalovuka Septemba mkikanyaga mchanga mkavu, Januari hushusha maji yakafunga njia hadi asubuhi. Mama anayevuja damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufariki ndani ya saa 2. Hawezi kungoja maji yapungue. Tarehe ya matazamio ikiangukia miezi hiyo, ahamie mapema kwa ndugu anayeishi karibu na hospitali, au kwenye nyumba ya kusubiria kujifungua kama ipo. Kwangu hili linatangulia yote. Mwenye kovu la upasuaji, mwenye mapacha na aliyewahi kuvuja damu uzazi uliopita wasipangiwe kabisa kujifungulia zahanati.

Namba 115 ya m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito na watoto wachanga, ni ya bure. Hutuma gari la wagonjwa au dereva wa jamii aliyesajiliwa. Iandikeni ukutani, na kila mtu nyumbani ajue mtandao unashika wapi, maana kuna vijiji ambako sharti upande kilima. Bado mwekeni tayari mwenye gari wa jirani. Bodaboda haimfai mama aliyezimia.

Wekeni akiba ya nauli, na ndugu wawili wa kuchangia damu.

Kutokwa damu, kichwa kuuma sana, kuona maruweruwe, degedege, chupa kupasuka kabla ya uchungu, mtoto kuacha kucheza: hakuna hata moja la kusubiri kukuche. Lakini muda mwingi hupotelea nyumbani. Baba yuko machimboni, simu haipatikani, mama mkwe anaogopa kuamua peke yake. Linaniuma hili, kwa sababu kulizuia hakugharimu hata senti. Baba atamke leo, mbele ya mama yake na mkewe: dalili ikitokea, msinisubiri, pigeni 115, na pesa ikipungua uzeni mbuzi.