Jinsi ya kumfanya mbunge wako wa Uingereza apeleke shida yako bungeni

Kama unaishi Uingereza na kuna jambo linakusumbua, labda nyumba ya kupanga imejaa ukungu na hakuna anayejali, usikae kimya eti kwa sababu huna pasipoti yao, mbunge anawakilisha kila anayekaa jimboni kwake hata asiyepiga kura. Majimbo yako 650, ingia tovuti ya bunge uweke postikodi umjue wako.

Kwenye imeili weka anwani yako kamili na postikodi, watu wanasahau sana hii, maana wabunge kwa desturi hawagusi kesi za jimbo la mwenzao. Au kaonane naye uso kwa uso, wengi hukutana na wananchi Ijumaa.

Sasa hapa ndo penyewe. Usiishie kwenye "naomba msaada", mwambie unataka afanye nini. Anaweza kumuandikia waziri swali, au kuomba ule mjadala wa nusu saa wa mwisho wa siku, pale anaeleza shida yenu kwa kirefu na serikali lazima ijibu, mi naona huo una faida kuliko maswali ya waziri mkuu ya Jumatano ambayo yanapita fasta na kelele kibao. Mpe tarehe, barua ulizojibiwa, majirani wenye shida hiyohiyo.

Na mwambie mapema kama hutaki jina lako litajwe, kwa sababu kila kinachosemwa mle kinaandikwa kwenye Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za bunge, na yeyote anaweza kukisoma.