Kabla mtoto hajafika, tenga kwanza hela ya usiku ule

Mimba yangu ya kwanza, akiba yote iliishia Kariakoo: beseni, nguo za mtoto, hata kitanda kidogo cha mbao. Uchungu ukanianza saa nane usiku, Mbagala, mvua inanyesha. Dereva wa bajaji alitaka elfu ishirini. Ndani tulikuwa na elfu sita. Mume wangu ilibidi akagonge kwa jirani huku mimi nimeshikilia nguzo ya mlango.

Ndiyo maana mdogo wangu akiniambia ana mimba, namuuliza kwanza habari ya nauli. Huduma ya uzazi kwenye vituo vya serikali ni bure kisera, lakini mara nyingi mama huambiwa aje na glovu, pamba, wembe, vibana kitovu na mpira wa kulalia. Muombe muuguzi wa kliniki akuandikie mapema, ununue kimoja kimoja. Kila ukinunua, tia kwenye begi lenye kadi ya kliniki na kanga safi. Kama ulishawahi kupasuliwa, au umeambiwa ni mapacha, fungu la dharura liwe kubwa zaidi, na ndugu wa kuchangia damu wajulikane kabla.

Ukiweka shilingi 2,000 kwa siku kuanzia wiki ya 12 hadi ya 40, unapata 392,000. Ukiweza 1,000 tu, ni 196,000, na hiyo nayo inabeba mengi. Ukiweka kwenye simu, mwenzako aijue namba ya siri, maana wewe siku hiyo hutakuwa mtu wa kubonyeza simu. Kama unacheza upatu, zungumza na kijumbe zamu yako iangukie mwezi wa saba wa mimba, usingoje wa tisa; watoto wengine huwahi.

Sasa arobaini, na hapa ndipo wengi tunaumia. Mwajiriwa Tanzania ana likizo ya uzazi ya siku 84 zenye malipo, 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Baba ana siku 3. Mwenye genge au anayekaanga maandazi hana hata moja. Piga hesabu ya siku arobaini bila kuuza: unga, mkaa, umeme, maji. Kisha angalia kodi. Huku tunalipa miezi mitatu au sita kwa mkupuo, na kodi ikiangukia mwezi wa kujifungua, akiba yote inaondoka nayo. Mwone mwenye nyumba tumbo likiwa bado dogo, mwombe mgawanye.

Mzazi ale: uji, mtori, maharage, dagaa, mboga za majani. Hela ya chakula chake ndiyo hela ya mtoto, kwani miezi sita ya mwanzo mtoto anahitaji maziwa ya mama pekee. Nguo chukua za mtumba au za binamu zake, zifue, zipige pasi. Kanga kuukuu zinatosha kwa nepi. Pampasi ziwe za safari.

Kile kitanda hakikulaliwa. Mtoto alilala nami, ndani ya chandarua nilichopewa kliniki. Mimba ya pili tulikiuza mapema, hela ikaingia kwenye begi nyuma ya mlango, na dereva wa bajaji tukaelewana naye bei wiki tatu kabla. Alikuja saa kumi alfajiri, kwa simu moja.