Choo kikigoma, jaribu kusugua tumbo hivi

Vijana wengi wa chuo tunakula chipsi na soda wiki nzima, maji hatunywi, halafu siku ya nne hujaenda choo unakimbilia dawa ya kuharisha. Subiri kwanza. Kuna kitu unaweza fanya kwa mkono wako tu, kitandani.

Asubuhi ukiamka kunywa glasi ya maji ya uvuguvugu, nenda kakojoe, kisha lala chali ukunje magoti ili tumbo lilegee. Paka mafuta ya nazi kidogo kwenye viganja, yapashe kwa kusugua mikono. Anza chini kulia, karibu na mfupa wa nyonga, panda taratibu mpaka chini ya mbavu, vuka juu ya kitovu kwenda kushoto, halafu shuka mpaka nyonga ya kushoto. Hiyo ndo njia ya utumbo mpana wenyewe, kwa hiyo usigeuze. Kandamiza kama unavyokanda unga laini wa chapati, isiume, dakika 10 hivi, na upande wa kushoto kaa zaidi maana mara nyingi ndo utasikia pamekaza. Fanya kila siku, siku moja haitoshi jamani.

Ukibanwa nenda hapohapo usijizuie, kwenye choo cha kukaa weka miguu kwenye kigoda.

Mjamzito, au umefanyiwa opresheni ya tumbo juzijuzi, usifanye bila kumuuliza daktari. Ukiona damu, unatapika au tumbo limejaa na kuuma sana, wahi hospitali.