Shule ya mtaani kwako Marekani: namba iliyo kwenye tangazo la nyumba haitoshi

Ukitafuta nyumba Marekani, ya kupanga au ya kununua, shule inakuja pamoja na tangazo. Chini ya picha za sebule na jiko wameandika majina ya shule za mtaa ule, na kando ya kila jina kuna namba kati ya 1 na 10. Kwa kawaida mtoto hupangiwa shule ya msingi ya umma kutokana na anwani anayoishi, kwa hiyo siku unayotia sahihi mkataba wa nyumba umeshamchagulia mwanao na mwalimu wa darasa la kwanza. Nimeona wazazi wakifanya kazi zamu mbili ili walipe kodi ya mtaa wenye 9, halafu hawapo nyumbani jioni kumsikiliza mtoto akisoma.

Sisi tulipata nyumba tunayoimudu kwenye mtaa wenye shule ya 4. Wiki nzima sikulala vizuri. Tumekuzwa na matokeo ya mitihani ya taifa, shule zikipangwa kuanzia ya kwanza hadi ya mkia, na wastani wa shule ndio uliokuwa heshima yake. Mtu aliyekulia humo akiona 4 anaona walimu wasiofundisha. Nikaanza kuuliza, kusoma ripoti, kuingia shuleni na kukaa kwenye vile viti vidogo vya watoto. Haya ninayoandika ndiyo niliyotamani mtu aniambie kabla sijaingiwa na hofu.

Namba inapima nini

Nyingi ya namba hizo hutolewa na shirika liitwalo GreatSchools, na tovuti za nyumba kama Zillow huzichukua na kuzibandika kwenye matangazo. Msingi wake mkubwa ni mitihani ya jimbo. Sheria ya elimu ya mwaka 2015 inayataka majimbo yote yawapime watoto kusoma na hesabu kila mwaka kuanzia darasa la tatu hadi la nane. Chekechea, darasa la kwanza na la pili hayamo kwenye sharti hilo, na hiyo ndiyo miaka ambayo mtoto anajifunza kusoma.

Kumbuka kadi ya kliniki. Muuguzi hakutazama uzito wa siku ile peke yake. Alitia nukta, akaiunganisha na ya mwezi uliopita, akaangalia kama mstari unapanda, umelala au unashuka. Mtoto mdogo ambaye mstari wake unapanda hakumtia wasiwasi; mnene ambaye mstari wake umelala miezi mitatu ndiye aliyeandikiwa kumwona daktari. Wastani wa alama za shule ni uzito wa siku moja. Mtoto aliyefika chekechea akiwa amesomewa vitabu kila usiku, na baadaye akapata mwalimu wa ziada, atafanya vizuri darasa la tatu hata kama shule ilimwongezea kidogo tu. Aliyefika bila neno la Kiingereza anaweza kuwa amepiga hatua mara mbili ya mwenzake, na bado jina lake likawa upande wa walioshindwa.

Sean Reardon wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake wamechambua mamilioni ya matokeo ya mitihani kutoka wilaya za elimu za nchi nzima. Walikuta kwamba wastani wa alama unafuatana kwa karibu sana na hali ya kiuchumi ya familia, ilhali kasi ya watoto kujifunza wakiwa shuleni haifuatani nayo kwa nguvu hiyo. Mfano unaonisisimua ni wa Chicago. Mwaka 1987 Waziri wa Elimu wa Marekani, William Bennett, alizitaja shule za mji huo kuwa mbaya kuliko zote nchini. Uchambuzi wa Reardon uliotoka 2017 ulionyesha kuwa watoto wa Chicago, kati ya darasa la tatu na la nane, walikuwa wakijifunza mambo ya miaka sita ndani ya miaka mitano. Anayetazama wastani wa alama tu asingeliona hilo. GreatSchools nao walibadilisha hesabu yao mwaka 2020 ili maendeleo ya wanafunzi yawe na uzito zaidi. Kwa hiyo usiishie kwenye ile namba moja kubwa. Ifungue, utafute sehemu inayoonyesha wanafunzi wamesonga mbele kiasi gani kutoka mwaka mmoja hadi mwingine. Shule ya 4 yenye maendeleo mazuri ningeipeleka juu ya ile ya 7 iliyolala.

Ripoti ya jimbo, na mstari wa mwanao

Sheria hiyohiyo ya 2015 inalilazimu kila jimbo kutoa ripoti ya kila shule, wazi kwa kila mtu. Andika jina la shule na jina la jimbo pamoja na neno la ripoti ya shule, utaipata kwenye tovuti ya idara ya elimu ya jimbo. Inachosha kuisoma lakini ina mambo ambayo tangazo la nyumba halina.

La kwanza, matokeo yamegawanywa kwa makundi: watoto wa kipato cha chini, wanaojifunza Kiingereza, wenye mahitaji maalumu, na kwa rangi. Tafuta kundi ambalo mwanao ataandikwa. Kuna shule zenye sifa mjini ambazo ukishuka hadi mstari wa watoto Weusi au wa wanaojifunza Kiingereza unakuta pengo la kutisha, na kuna za kawaida ambazo watoto hao wanafanya vizuri kuliko wenzao wa upande wa pili wa mji. Ukikuta nafasi imeachwa wazi, kundi hilo lina watoto wachache mno na matokeo yamefichwa kulinda siri zao. Hilo nalo ni habari: mwanao huenda akawa peke yake.

La pili ni kipimo cha wanaojifunza Kiingereza, yaani ni wangapi wanapiga hatua inayotakiwa kwa mwaka. Kwa familia zetu nyingi mstari huu una thamani kuliko alama za hesabu.

La tatu, utoro. Wanamhesabu mtoto kuwa mtoro wa kudumu akikosa asilimia 10 ya siku za shule, kwa sababu yoyote, hata ugonjwa. Kwa mwaka wa siku 180 hizo ni siku 18. Pale ambapo watoto wengi wanakosa hivyo mwalimu anarudia somo kila wiki, na anayehudhuria naye anacheleweshwa. Angalia kama asilimia inashuka au inapanda kwa miaka mitatu.

Fedha zimo pia, kiasi kinachotumika kwa kila mwanafunzi, lakini usizipe uzito sana. Sehemu kubwa ya pesa za shule hutokana na kodi ya majengo ya eneo husika, na shule zenye watoto wengi maskini hupata nyongeza ya serikali kuu iitwayo Title I, iliyoanzishwa 1965. Ukisikia shule ni ya Title I usiikimbie. Mara nyingi maana yake ni kwamba ina walimu wa ziada wa kusoma.

Swali moja kuhusu kusoma

Kama utapata nafasi ya kumuuliza mwalimu wa darasa la kwanza swali moja tu, muulize hili: mtoto akikutana na neno asilolijua kitabuni, mnamfundisha afanye nini?

Sisi tulijifunza kusoma kwa ba, be, bi, bo, bu, na Kiswahili kikatuheshimu: kinavyoandikwa ndivyo kinavyotamkwa. Kiingereza hakina huruma hiyo, na kwa sababu hiyo mtoto anahitaji kufundishwa sauti za herufi kwa mpangilio, hatua kwa hatua, zaidi ya tulivyohitaji sisi. Jopo la kitaifa la wataalamu wa kusoma lilisema hivyo mwaka 2000, lakini shule nyingi ziliendelea kuwafundisha watoto kutazama picha na kukisia neno. Mississippi, jimbo lililozoeleka kushika mkia, lilipitisha sheria mwaka 2013, likawafundisha upya walimu wake kuhusu sauti na herufi, na matokeo ya kusoma ya darasa lake la nne kwenye mtihani wa taifa yakapanda sana kufikia 2019.

Kwa hiyo mwalimu akikujibu, “Tunamwambia aangalie herufi, atamke sauti moja moja, kisha aziunganishe,” tulia. Akikujibu, “Aangalie picha, afikirie neno gani lingefaa hapo,” jua kwamba kazi hiyo utaifanya wewe nyumbani. Ongeza na hili: mtoto anayebaki nyuma kusoma mnamgundua mwezi gani, na anapata nini? Shule inayofanya kazi itakutajia vipimo vya mwanzo, katikati na mwisho wa mwaka, na kikundi kidogo cha dakika kadhaa kila siku. Ikiwa jibu ni “tunampa muda,” uliza tena.

Ingia ndani

Piga simu ofisini uombe kutembezwa siku ya masomo. Wanavyokupokea mezani, na hasa wanavyompokea mzazi asiyejua Kiingereza aliyesimama mbele yako, kunakuambia mengi kabla hujafika darasani.

Ukiingia, weka pembeni vipimo tulivyokuja navyo. Ukimya si ushahidi kwamba watoto wanajifunza, na kelele si ushahidi kwamba hawajifunzi. Kukosa sare na kukosa mafungu ya kazi za nyumbani kwa mtoto wa miaka sita si uzembe. Nenda ukutani. Je, kazi zilizobandikwa ni za watoto wenyewe, zenye mwandiko tofauti na makosa yaliyosahihishwa, au ni michoro inayofanana ambayo mtu mzima aliikata? Msikilize mwalimu anavyomjibu mtoto aliyekosea. Tazama ni watoto gani waliotolewa nje kukaa kwenye korido, na kama wote wanafanana rangi.

Muulize mwalimu mkuu amekuwa hapo miaka mingapi, walimu wangapi waliondoka mwaka uliopita, na darasa la kwanza lina watoto wangapi. Idadi si jambo dogo kwa wadogo: katika jaribio la Tennessee lililoanza 1985, watoto wa chekechea hadi darasa la tatu waliowekwa kwenye madarasa ya 13 hadi 17 walifanya vizuri kuliko wa madarasa ya 22 hadi 25, na waliofaidika zaidi walikuwa watoto Weusi na maskini. Hata hivyo, nikitakiwa kuchagua kati ya darasa la watoto 24 lenye mwalimu wa miaka kumi na la 18 lililobadilisha walimu watatu tangu Septemba, nitakwenda kwa yule wa miaka kumi.

Lugha, na haki yako

Siku ya kuandikisha utapewa fomu inayouliza lugha ya nyumbani. Wazazi wengi wetu wanaandika Kiingereza, wakiogopa mtoto atawekwa kando. Andika ukweli. Mwaka 1974, katika kesi ya watoto wa Kichina wa San Francisco, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba shule haiwezi kumwacha mtoto asiyejua Kiingereza akae tu darasani bila msaada. Ukificha Kiswahili unajinyima haki hiyo. Mtoto atapimwa, na akipatikana anahitaji msaada wewe bado una ruhusa ya kuukataa. La kuuliza ni namna unavyotolewa: anaondolewa darasani wakati wa somo gani? Akitolewa kila siku wakati wa hesabu, utamlipia baadaye.

Shule inawajibika pia kuwasiliana na mzazi kwa lugha anayoielewa. Omba mkalimani wa Kiswahili, hata wa simu, na usikubali mwanao wa miaka tisa atafsiri mkutano unaomhusu mwenyewe. Na wanaweza kudai uthibitisho wa makazi na kadi ya chanjo, lakini karatasi za uhamiaji si sharti la mtoto kusoma. Hilo liliamuliwa na mahakama hiyohiyo mwaka 1982. Ukiona mtoto ana shida ya kujifunza, omba tathmini kwa maandishi, uweke nakala yenye tarehe. Maneno ya mlangoni hayana tarehe.

Kabla hujaamua, tafuta mzazi ambaye mwanawe alipata shida shuleni hapo: aliyeonewa, aliyechelewa kusoma, aliyekuja katikati ya mwaka. Muulize shule ilimpigia simu lini. Mzazi wa mtoto anayepata alama zote hawezi kukuambia hilo. Na ukiona shule ya mtaa haifai kabisa, uliza wilaya kuhusu uhamisho na shule za kuomba mapema, kwani maombi mara nyingi hufungwa miezi mingi kabla ya mwaka mpya kuanza.

Sisi tulimpeleka binti yetu kwenye ile ya 4. Kwenye mkutano wa wazazi wa mwezi Februari niliacha kuuliza ni wa ngapi. Nikamwomba mwalimu anionyeshe alichoandika Septemba na alichoandika wiki ile. Akafungua faili akanitolea karatasi mbili. Ya Septemba ilikuwa na jina lake na maneno matatu, mawili yamegeuzwa herufi. Ya pili ilikuwa nusu ukurasa kuhusu bibi yake anavyosuka mikeka, na pembeni mwalimu alikuwa ameandika kwa penseli: “Niambie zaidi. Anaanzia wapi kusuka?”