Namna ya kuonyesha watu wako ile episodi ya Hodor

Kama kuna mtu kwako nyumbani ameanza Game of Thrones, ile sirizi ya TV, saa hii na wewe ulishaimaliza, kuna episodi moja usiiache ijicheze tu hivi hivi, ni sizoni ya 6 episodi ya 5, inaitwa The Door, ndiyo Hodor anakufa, yule mtumishi mkubwa anayesema neno moja tu, jina lake. Ilitoka 22 Mei 2016, Jumapili saa tatu usiku kule New York, maanake huku kwetu ilikuwa Jumatatu saa kumi alfajiri, na wengi wetu tuliharibiwa uhondo kabla hata ya chai juu mtu aliamka mapema akatupa maneno matatu kwa grupu. Kwa hivyo simu zote ziingie kabatini, hiyo haina mjadala. Na kama uko Nakuru upande wetu wa Section 58 angalia token kwanza, stima ikiisha pale kwa mlango hutasamehewa.

Siku moja kabla, rudi nao nyuma sehemu tatu, juu watu husahau na wakisahau wanaona tu mtu mkubwa anakufa. Ya kwanza sizoni ya 3 episodi ya 9, wamejificha kwa mnara, radi inapiga, Hodor anapiga kelele kwa woga na Bran, yule kijana asiyetembea ambaye Hodor humbeba, anaingia akilini mwake ndio anyamaze. Ya pili sizoni ya 6 episodi ya 2, Bran anaonyeshwa na mwalimu wake, kwa maono, Winterfell ya zamani, nyumbani kwao, na kuna kijana anaitwa Wylis, ndiye Hodor mwenyewe akiwa mdogo, anaongea vizuri kabisa. Ya tatu episodi ya 3 ya hiyo hiyo sizoni, Bran anamwita babake kule kwa mnara mwingine na babake, miaka mingi kabla Bran azaliwe, anageuka kama mtu amesikia kitu. Hapo simamisha, rudisha kidogo waone tena vile anageuka, na usieleze.

Halafu kuna mambo ya lugha, hii nilijifunza Kakamega kwa senje, yaani shangazi. Senje hasomi sabtaito, nikienda kumuona namtafsiria, na tangu sizoni ya 1 hilo jina yeye alikuwa anasikia hodi. Hodor akiongea tu, senje anamjibu "karibu baba, ingia ndani" huku anachambua mboga, na sikumrekebisha juu kusema kweli ilikuwa inamkaa huyo mtu vizuri. Sasa shida ni kwamba jina linatoka kwa Kiingereza, "hold the door": Hodor anaambiwa azuie mlango maiti wasipite, Bran yuko bado kwa maono ya zamani, na kupitia kwake Wylis anasikia hayo maneno, anaanguka chini akiyarudia na kuyarudia mpaka yanamezana inabaki Hodor, na wewe ukisema "shikilia mlango" hata mara mia hufiki hapo. Kwa hivyo tafsiri mara moja tu, pale Meera, yule msichana anayesafiri na Bran, anapopiga kelele mara ya kwanza, kisha nyamaza kabisa uachie masikio kazi. Senje aliacha mboga. Mikono ilibaki juu ya ungo na midomo ilikuwa inamfuata yule kijana pale chini, hodi, hodi, hodi, polepole.

Ikiisha usiwashe taa na usiulize watu wameonaje. Wacha majina yapite yote. Zile picha za milango na vizuizi vya mlango vyenye jina lake, ambazo watu walianza kutengeneza hiyo wiki, ziweke mpaka siku nyingine, usiku huo ni vibaya.

Ubishi utakuja wenyewe na utaanza hivi: kama Bran anaweza kugusa zamani si angeokoa babake? Chukua vizibo viwili vya soda na kamba ya kiatu. Kizibo kimoja ni Wylis uwanjani, cha pili ni Hodor mlangoni na wale maiti wanamrarua mgongo, kamba ni Bran. Zungusha kamba ipite kwa vyote ukafunge, kisha mwambie aweke kidole pale mambo yanapoanzia. Hatapata. Hodor alikuwa Hodor kabla Bran azaliwe, kwa hivyo hakukuwahi kuwa na zamani nyingine ambayo Wylis alizeeka salama ndio Bran akaja akaivuruga, na baba mtu alishakufa, basi. Mimi nasimama hapo. Lakini anayesema Bran ana makosa usimzime, ana hoja nzito, na si hata pale mlangoni: Bran aliingia kwa yale maono peke yake, mwalimu wake amelala, Night King, mfalme wa wale maiti, akamshika mkono akamwachia alama, na hiyo alama ndiyo iliwafungulia maiti njia ya pango walimojificha kina Bran. Watu wakifika hapo wewe chemsha chai tu, kutakucha.

Senje hakutaka vizibo. Alikaa kitambo akaniuliza kama Bran aliwahi kumwombea Hodor hata pole. Kwa hivyo siku hizi naweka tayari sizoni ya 7 episodi ya 4, pale Meera anamuaga Bran na Bran anampatia asante kavu, na Meera analia akimtajia waliokufa kwa ajili yake, Hodor akiwemo. Senje aliiangalia mpaka mwisho bila neno, akavuta ungo wake, akasema, "Huyo msichana ndiye aliona."