Kubuni Mwonekano wa Hakathoni ya Kampuni Jijini Mbeya

Kampuni inapoandaa hakathoni, yaani siku chache ambazo wafanyakazi hujigawa katika timu na kuandika programu ya kutatua tatizo fulani, mbunifu hutakiwa kuipa shughuli hiyo sura inayotambulika popote bila kuifunika nembo ya kampuni yenyewe. Kabla ya kuchora chochote, orodhesha vitu vitakavyobeba sura hiyo: picha ya kundi la WhatsApp, slaidi, beji, bango, vyeti na nguo. Kwa Mbeya, ambako mwezi Juni na Julai baridi hung'ata, fikiria sweta kabla ya fulana, kwa sababu uchaguzi huo utaathiri mambo mengi.

Katika uchapaji wa nguo kwa fremu za wavu, kila rangi huhitaji fremu yake, hivyo gharama hupanda kadiri rangi zinavyoongezeka. Tena, juu ya kitambaa cheusi, rangi angavu hutandikiwa kwanza wino mweupe ili isififie. Nembo ikidariziwa, mistari myembamba na herufi ndogo hupotea ndani ya uzi. Kwa hiyo anza na nembo ya rangi moja, kisha ipunguze hadi pikseli 32 kwa 32, na kama haitambuliki, ondoa kitu badala ya kuongeza.

Kuhusu umbo, mabano ya msimbo wa kompyuta na balbu inayowaka yamezoeleka mno, na pembetatu ya mlima, hata ukiiita Rungwe, inaweza kuwa ya mji wowote wenye mlima. Napendekeza nakshi za vikapu vya milulu vya Iringa, ambazo hukubali kuchorwa kwa miraba. Chora gridi ya miraba 5 kwa 5, ambayo upande wa kulia unaakisi upande wa kushoto: miraba 15 tu ndiyo inayobaki huru kujazwa au kuachwa wazi, na hiyo hutoa michoro 32,768. Mchoro mmoja uwe nembo ya hakathoni; mingine izalishwe na programu fupi kutokana na jina la kila timu, ili kila timu ipate alama yake ilhali zote zinaonekana za ukoo mmoja. Gridi hiyohiyo ikirudiwarudiwa itakuwa pambo la ukingo wa bango na cheti. Ukitaka kunakili nakshi ya msusi fulani kama ilivyo, mwombe idhini na umlipe.

Rangi ziwe mbili: ya kampuni na nyingine inayopambanuka nayo, kwa uwiano wa mwangaza kati ya maandishi na usuli wake usiopungua 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida, kwa kuwa projekta hufifisha rangi. Kijani kinachong'aa kwenye skrini hufifia kinapochapwa, kwa hiyo omba sampuli juu ya kitambaa chenyewe. Kwa vichwa vya habari, fonti za JetBrains Mono au Ubuntu Mono, ambazo ni za bure na herufi zake zina upana sawa, zitaendana na gridi.

Mpelekee mchapaji faili za PDF ambazo herufi zimegeuzwa kuwa michoro, ukiongeza milimita 3 za kukatwa kila upande. Beji zichapwe mwisho kabisa, kwani majina ya timu hubadilika hadi usiku wa kuamkia shindano.